Jibu la Nthenya

Mutheu mwanangu,

Umeenda mjini kusukwa, na kwa jinsi ninavyomjua yule msusi wako, hutarudi kabla ya saa kumi na moja. Kwa hivyo nina mchana mzima wa kuandika jambo ambalo nimeshindwa kukuambia wiki nzima tukiwa jikoni pamoja. Mambo ya kula, ya kulalia ubavu, ya vidonge vya damu, na ya zile nguo za mtoto ulizonunua kana kwamba unatarajia watoto watatu, nimeyasema mpaka umeanza kunijibu kabla sijamaliza. Sirudii. Kesho unaondoka hapa Mumbuni kwenda kukaa na mume wako Odhiambo kule Kisumu, na baada ya wiki sita hivi utajifungulia huko. Umeniomba nije nikae nawe leba, na ikifika mahali huwezi kusema, niseme kwa niaba yako. Ulisema hakuna anayefaa kuliko mwaitu, mama aliyekuwa mkunga miaka ishirini na minane.

Nilikubali haraka mno. Kabla hujanipa kazi hiyo, unapaswa kujua nilivyoifanya nilipopewa na mwanamke mwingine.

Jumapili iliyopita, tukichagua ndengu, uliniuliza kuhusu ile sindano ya mgongo ya kutuliza uchungu wa kuzaa, ile wanayoiita epidurali. Ulisema hospitali yenu ya Kisumu wanaitoa, na kwamba Odhiambo amekuambia uamuzi ni wako. Mimi sikuinua hata macho kutoka kwenye ungo. Nilikuambia wanawake wa kwetu hawachomwi mgongo ndio wazae, na kwamba ukichomwa utalia mgongo mpaka uzeeni. Ulitoa jiwe moja kwenye ndengu, kisha ukasema, "Basi nimeachana nayo, mwaitu." Tukaendelea na ndengu.

Neno lile la kwanza nimelisema maishani mara nyingi sana. La pili si kweli, na nilijua si kweli hata nilipokuwa nikilisema. Ndiyo sababu ya barua hii.

Nianze na siku uliyozaliwa. Hadithi umeisikia katika kila sherehe ya ukoo: jinsi susu yako, mama ya baba yako, alivyokaa nje ya mlango wa leba akisikiliza, asisikie sauti yangu hata mara moja, na jinsi alivyotoka pale akatangaza kwamba mwanawe ameoa mwanamke. Baba yako alikuwa kazini kwenye machimbo ya mawe kule Lukenya, akaja kuipata habari ikiwa tayari imepambwa. Hadithi hiyo ni ya kweli kwa upande wa nje wa mlango. Kwa upande wa ndani, nilikuwa nimeuma shuka mpaka likachanika, na walipokuweka kifuani pangu nikawaambia wakuondoe. Siku mbili nilikunyonyesha kwa sababu niliambiwa nikunyonyeshe, uso wangu nimeugeuzia ukutani. Siku ya tatu ulipiga chafya, ukashtuka mwenyewe, nami nikacheka, na mapenzi yangu kwako yakaanzia hapo. Sikukupenda siku ya kwanza, Mutheu. Hilo sijamwambia mtu, hata baba yako.

Sisemi ni uchungu peke yake uliofanya hivyo. Nimewaona wengi walioumia kama mimi wakawakumbatia watoto wao papo hapo, na wengine ambao hawakuumia sana wakachukua wiki kuwazoea. Ninachosema ni kwamba siku ile ilinitisha, na badala ya kukiri kwamba ilinitisha, niliigeuza kuwa kipimo cha kuwapimia wanawake wengine. Aliyepiga kelele nilimwambia hata sisi tumezaa. Aliyeomba dawa nilimuuliza kama mama yake alipewa dawa. Nilikuwa mkunga mzuri kwa mikono, waulize walionijua. Kwa mdomo sikuwa mzuri.

Ulipokuwa kidato cha pili, kule bweni, hospitali yetu ililetewa daktari wa ganzi kutoka Pwani, jina lake Salma. Mwanamke mwembamba, mpole, mwenye Kiswahili kilichotufanya sote tuone aibu kufungua midomo. Kazi yake ilikuwa chumba cha upasuaji, lakini alisema siku ambazo huko kumetulia anaweza kuja leba kuwachoma epidurali wanaotaka. Sisi masista wa zamani tuliangaliana tu. Kwetu sindano ya mgongo ilikuwa ya operesheni, na tulijua maneno ambayo watu husema juu yake, kwa sababu wengine wetu ndio tuliokuwa tukiyasema.

Sasa kuna jambo moja la kazi yetu ambalo halikuandikwa popote. Madaktari wengi walitoka mbali, na akina mama wengi kutoka vijijini walijua Kikamba tu. Katikati tulisimama sisi. Daktari angeeleza dakika tano, sista akatafsiri kwa maneno sita. Mgonjwa angesimulia maisha yake yote, sista akamwambia daktari, "Tumbo." Sote tulifanya hivyo na hakuna aliyetuuliza. Tuliona tunaokoa muda.

Siku moja asubuhi akaja msichana anaitwa Nthenya, mimba ya kwanza, kutoka vijiji vya ng'ambo ya Matuu. Alikuwa amekesha na uchungu nyumbani na njia ilikuwa imefunguka nusu tu. Kiswahili chake kilikuwa cha salamu na bei ya maembe. Hakupiga kelele sana. Alikuwa akitetemeka na kusema kwa sauti ya chini kwamba hawezi, kama mtu anayetoa taarifa. Daktari Salma akapita, akamwona, akavuta kiti. Alimweleza yote, polepole, huku akinitazama ili nitafsiri: kwamba ni mpira mwembamba unaopitishwa kwa sindano sehemu ya chini ya mgongo, kwamba uchungu utapungua baada ya dakika kumi na tano au ishirini, kwamba miguu inaweza kuwa mizito na presha inaweza kushuka, kwamba wataangalia moyo wa mtoto wakati wote. Akaniambia, "Mweleze yote, dada. Usimpunguzie."

Nilimpunguzia. Nilimwambia Nthenya kwamba daktari anauliza kama anataka kudungwa mgongo kama mtu wa operesheni, na kwamba wanawake wa kwetu hawafanyi hivyo. Alinishika mkono. Aliuliza, "Itamdhuru mtoto?" Daktari alikuwa ametoka kulijibu swali hilo kwa urefu, nami nilikuwa nimelisikia. Nikamwambia sijui. Akafikiri, uchungu ukaja ukapita, kisha akasema, "Mwambie nataka, sista. Nimechoka."

Nikamgeukia Daktari Salma nikamwambia, kwa Kiingereza, kwamba mgonjwa amekataa, anaogopa.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini kwa Kiingereza. Na daktari yule nilizoea kuongea Kiswahili. Nilichagua Kiingereza ili Nthenya asishike hata neno moja, na kwa sababu hiyo siwezi kusema nilikosea tu au nilichoka. Nilidhamiria. Daktari alimtazama ili kuhakikisha, na Nthenya akatikisa kichwa kukubali, akidhani nimefikisha ombi lake. Daktari akaandika kwenye faili kwamba amekataa, akampapasa bega, akarudi chumba cha upasuaji.

Ukitaka sababu, ninazo mbili na zote hazinipambi. Ya kwanza ni kwamba niliona anataka kuuruka uchungu ambao mimi niliupitia wote. Ya pili ni uvivu. Mwanamke aliyechomwa epidurali huwezi kumkalia mbali: unapima presha kila mara, unasikiliza moyo wa mtoto kila mara, unamgeuza, unamwekea mpira wa mkojo akishindwa kwenda haja ndogo. Tulikuwa masista wawili kwa vitanda tisa. Nilihesabu kazi yangu kwanza.

Alizaa saa kumi na mbili jioni. Mtoto wa kike, salama, sauti ya kutosha. Mchana kutwa nilikuwa nimeona kwamba kila mlango wa leba ulipofunguka, Nthenya aligeuza kichwa. Nilidhani anamtafuta mama yake. Nilipokuwa nikimfuta, aliniuliza kwa upole kabisa, "Sista, na ile sindano ilipotelea wapi?"

Alikuwa ameingoja kwa muda wa saa tisa. Nilimwambia daktari alikuwa na operesheni ngumu, hakuweza kutoka. Akasema, "Pole yake. Alionekana mtu mzuri." Kisha akalala.

Sikulia siku hiyo. Nilikula chakula changu, nikaandika ripoti ya zamu, nikarudi nyumbani. Aibu ilikuja taratibu, miezi kadhaa baadaye, nilipoanza kuwakalia wanawake ambao Daktari Salma aliwachoma. Nilitarajia mabaya na niliyatafuta kwa bidii. Nitakuambia niliyoyaona na niliyofundishwa, kwa sababu wewe uliniuliza swali la kweli nami nikakujibu upuuzi.

Kwa wengi uchungu ulipungua hadi wakawa wanaongea. Walisikia tumbo likikaza, walisikia mtoto akisukuma, lakini ile hali ya kuchanwa iliondoka. Wachache ilishika upande mmoja tu wa mwili ikabidi mpira urekebishwe, na mmoja haikumshika kabisa. Wengine walitetemeka au wakawashwa ngozi. Wengine walipata joto. Presha ilishuka kwa baadhi yao, na mama presha ikishuka, moyo wa mtoto unaweza kupunguza mwendo. Hapo tuliwageuza ubavu, tukawaongezea maji ya mshipa na dawa, na kwa wale niliowaangalia mimi moyo ulirudi. Ndiyo maana haifai kuchomwa mahali ambapo hakuna wa kukukalia. Kusukuma kulichukua muda mrefu zaidi kwa wengi, na nilimwona mmoja ambaye mtoto alivutwa kwa kifaa, akatoka na uvimbe kichwani ulioisha baada ya siku chache. Lakini kwamba ukichomwa lazima uishie kwenye kisu, hiyo si kweli, na nilikuwa naisema.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alipata kichwa kikali siku iliyofuata, akikaa kinapasuka, akilala kinatulia. Huwapata wachache, sindano ikipita kidogo mahali isipopaswa kufika. Ilitibiwa ikaisha, lakini zilikuwa siku ngumu kwake na mtoto mchanga, na sitakuficha. Mgongo huuma pale pa sindano siku kadhaa. Mgongo wa kuuma mpaka uzeeni sikuuona ukitokana nayo, na Daktari Salma alinieleza kwamba walioufuatilia hawakuuona pia. Wanawake wengi huumwa mgongo baada ya kuzaa, waliochomwa na wasiochomwa. Mimi mwenyewe mgongo unaniuma tangu nikuzae na hakuna aliyenigusa na sindano.

Kuhusu mtoto, dawa kidogo sana humfikia. Wale niliowapokea walilia, wakawa na rangi nzuri, wakanyonya. Wapo mama ambao haifai kuwachoma: wenye damu isiyoganda vizuri au wanaotumia dawa za kuifanya nyepesi, wenye maambukizi pale mgongoni, na wengine ambao daktari atawajua kwa vipimo. Kwa hivyo ulizia mapema, kliniki, ukiwa unaweza kukaa ukasikiliza. Uliza kama daktari wa ganzi huwa yupo wakati wote au huitwa kutoka nyumbani. Ukingoja mpaka uchungu ukushike, utasikiliza nusu nusu, na nusu nyingine itasikilizwa na mtu mwingine.

Sikuambii uchomwe. Nimewaona pia waliokataa kwa hiari yao, wakatembea, wakakandwa mgongo, wakaoga maji ya moto, wakazaa na kufurahia walivyozaa. Hao walikataa kweli. Tofauti kati yao na Nthenya haiko kwenye uchungu.

Nilimwona tena Nthenya mwaka mmoja kabla ya kustaafu, sokoni Matuu, amekaa nyuma ya rundo la maembe. Alinitambua kabla sijamtambua. Akamwita binti yake, msichana mrefu wa shule, akamwambia, "Msalimie. Huyu ndiye sista aliyenisaidia ukazaliwa." Yule mtoto akanipa mkono kwa heshima, kwa mikono miwili. Nikamuuliza Nthenya ana wangapi sasa. Akasema ni huyo mmoja tu, mumewe alitaka wengine, yeye akashindwa kuirudia siku ile. Alisema hivyo akicheka, akinichagulia maembe yaliyoiva vizuri. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia. Watu walikuwa wachache, jua lilikuwa kali, hakuna aliyekuwa na haraka. Nikasema asante, nikaenda zangu. Naona aibu kwa siku ya sokoni kuliko ya leba, kwa kuwa sokoni hakukuwa na kazi nyingi ya kusingizia.

Nitarudi kumwambia? Nimeahidi moyoni mara kadhaa na sijaenda. Huenda nikaenda baada ya kukutumia barua hii, huenda nisiende. Sitaki kukudanganya hata kuhusu hilo.

Na Jumapili, wewe ukiwa umeinamia ungo na tumbo lako likiwa limegusa meza, nilikufanyia yale yale. Uliuliza swali, nikalijibu kwa niaba ya wanawake wote wa kwetu, ambao hawakunituma. Na ulipoachana nalo nilifurahi. Nataka ulijue hilo vizuri: nilifurahi. Ningetaka kukuambia kwamba nimebadilika, kwamba mwanamke wa miaka ile siye huyu anayekuandikia. Lakini Jumapili ni siku tano tu zilizopita. Ukiwa kitandani umeshikwa na uchungu, nami nimesimama kando yako, na daktari akaniuliza wewe unataka nini, sina hakika mdomo wangu utasema lako au utasema langu. Ninaogopa, Mutheu. Sijawahi kuogopa leba mpaka iwe yako.

Kwa hivyo lirudie lile swali uliloachana nalo siku ile. Lifikirie na Odhiambo, liulize kliniki, kisha uandike unachotaka kwa mkono wako, wakiweke kwenye faili yako. Andika pia kwamba una haki ya kubadilisha nia wakati wowote, kwa sababu anayesema hapana asubuhi anaweza kusema ndiyo mchana, na anayesema ndiyo anaweza kuikataa sindano ikiwa tayari imeshikwa mkononi. Muulizaji akuulize wewe, uso kwa uso, mpaka pale ambapo kweli huna fahamu ya kujibu.

Ile fomu ya hospitali uliyoijaza jana imo kwenye mkoba wako wa kliniki, ninapoitia barua hii. Pale wanapouliza ni nani atakayekusemea, umeandika jina langu, kwa herufi kubwa, ukalipigia mstari. Nilishika kalamu nikataka kulikata, nikuondolee taabu. Kalamu ilikuwa tayari juu ya karatasi nilipoona ninachofanya: nakujibia tena. Nimeliacha kama ulivyoliandika. Ukilikata, ukaandika la Odhiambo au la mtu mwingine, nitakuja Kisumu vilevile, na nitakaa pale utakaponiweka, hata iwe nje ya mlango, na safari hii ukipiga kelele nitafurahi kuisikia sauti yako.

Mimi niliyekuzaa,
Mwaitu